Tanga hadi Bagamoyo kwa Mashua: Siku Nne za Kaskazi, Mji kwa Mji

Watu wengi hupanga safari ya bahari kama wanavyopanga safari ya basi. Wanachagua Ijumaa kwa sababu ni Ijumaa, wanaulizana nani ana nafasi, halafu ndipo wanamtafuta nahodha. Kwa pwani hii, anza na mwezi. Ukishajua maji yatajaa saa ngapi kwenye mlango wa Pangani, saa ya kung'oa nanga Tanga inajipanga yenyewe, na Maziwe, Saadani na Bagamoyo zinafuata kwa zamu. Ukianza na kalenda ya kazini, utafika kila mji saa ambayo mji huo umefunga.

Njia nzima ni karibu maili 100 za baharini, kama kilomita 180: Tanga hadi Pangani maili 27, Pangani hadi Maziwe, fungu la mchanga lililo baharini, 7, Maziwe hadi Ushongo 5, Ushongo hadi Saadani 33, Saadani hadi Bagamoyo 25. Hesabu zote hapa ni za mashua ya mbao ya mita 9 hadi 11, yenye tanga na mashine ya nje ya akiba, inayokwenda noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa. Ndani yake wamo abiria 6, nahodha na mabaharia 2.

Kuchagua siku

Msimu ni kiangazi cha kaskazi, katikati ya Desemba hadi mwisho wa Februari. Upepo unatoka kaskazini mashariki na kukusukuma kusini, mvua za vuli zimekwisha, masika bado. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima, lakini kaskazi ikivuma hupungua nguvu na tanga linaushinda. Kuanzia Juni hadi Septemba mambo hugeuka: kusi, upepo utokao kusini, na mkondo vyote vinaelekea kaskazini, na safari hii hii inapaswa ianzie Bagamoyo iishie Tanga. Anayelazimisha kushuka kusini mwezi Julai atabisha, yaani atakwenda upande upande dhidi ya upepo, kutwa, na jioni mnara wa taa wa Ulenge bado anauona.

Ndani ya msimu, tafuta mwezi. Kanuni ambayo wazee wa pwani wanaijua kwa moyo ni hii: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika 40 hadi 50. Ukifika mwezi 7 au 22 hesabu imepinduka, yanajaa saa 4 na kupwa saa 10, na hayo ndiyo maji mafu. Kwenye bamvua, yaani maji makubwa ya mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na nusu hivi. Kwenye maji mafu ni mita 1 au kuzidi kidogo.

Ondoka Tanga siku moja kabla ya mwezi mpevu, yaani mwezi 13 au 14 kwa hesabu ya Kiislamu. Saa zitakuwa takriban hivi:

Siku ya 1: kupwa saa 3:20 asubuhi, kujaa saa 9:20 alasiri.
Siku ya 2: kupwa saa 4:00 asubuhi, kujaa saa 10:00 jioni.
Siku ya 3: kupwa saa 4:40 asubuhi, kujaa saa 10:40 jioni.
Siku ya 4: kupwa saa 5:20 asubuhi, kujaa saa 11:20 jioni.

Linganisha na jedwali la maji la mwaka huo kabla ya kumlipa mtu yeyote. Kanuni ya kichwani inaweza kupishana nalo kwa nusu saa.

Kwa nini mwezi mpevu na si mwandamo, wakati bamvua ni ile ile? Kwanza mwanga: nanga ikiteleza usiku unaona ulipo. Pili, wavuvi wa dagaa hutegemea giza ili taa zao zivute samaki, na mwezi ukiwa mpevu wengi wao hupumzika, hivyo bahari ya usiku inakuwa na vyombo vichache vya kugongana navyo mkiwa nangani. Tatu, na hii ndiyo sababu nzito kuliko zote: kabla ya kilele cha bamvua, maji ya kesho hupanda juu kuliko ya leo. Ukikwama fungu siku ya kwanza, kesho utaelea. Ukikwama baada ya kilele, kila siku maji yanakuja chini kidogo kuliko jana, na chombo kinaweza kukaa mchangani wiki mbili kikisubiri bamvua ijayo.

Jioni ya kabla ya kuondoka, na kila asubuhi mkiwa njiani, sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa au mawimbi ya mita 2 kwa mikoa ya Tanga na Pwani, mashua ya ukubwa huu haitoki. Weka siku 2 za ziada kwenye ratiba yako kwa ajili hiyo. Asiye na siku 2 za ziada asifanye safari hii, kwa sababu ndiye atakayemshawishi nahodha atoke siku mbaya.

Chombo, na maswali ya kumuuliza nahodha

Omba kuona vyeti vya chombo kutoka TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na soma idadi ya watu iliyoandikwa. Leseni ya uvuvi si leseni ya kubeba abiria. Usikubali maelezo ya kwamba ni kitu kimoja. Hesabu makoti ya kuokolea maisha kwa mkono wako, moja kwa kila mtu, ya watoto yawe ya watoto. Litie moja majini na kulikandamiza: linalonyonya maji na kuwa zito ni pambo tu.

Mashua iliyokaa nchi kavu wiki kadhaa huvuja, hata kama kalafati, yaani pamba ya kuziba kati ya mbao, ni nzuri, kwa sababu mbao zimekauka na kusinyaa. Ishushwe majini siku 2 kabla, mbao zivimbe na kuziba. Asubuhi ya safari fungua mbao za chini utazame ngama, pale maji yanapokusanyika. Maji ya vikombe vichache si neno. Maji yanayorudi nusu saa baada ya kukumbwa yana tundu lake, nalo litafutwe kabla hamjaondoka. Wakati huo huo shika foromali, mti unaobeba tanga, pale inapofungwa na kuitikisa, na upitishe kidole kwenye kamba ya kutwekea tanga mahali inapopita kwenye kapi. Kamba hukatika hapo kuliko kwingine kokote.

Sasa nanga, maana hapa ndipo wengi hukosea bila kujua. Kamba ya nanga hupimwa kwa maji yakiwa yamejaa. Tuseme umetia nanga mahali penye kina cha mita 3 kwenye kupwa. Bamvua itaongeza mita 3 na nusu, jumla 6 na nusu. Zidisha kwa 5: unahitaji mita 32 na ushee za kamba, kwa hiyo beba 40. Anayetazama mita 3 za kupwa na kulegeza kamba ya mita 15 atakuwa salama mpaka maji yajae alfajiri. Hapo kamba husimama wima, nanga hung'oka yenyewe, na chombo kinaanza kutembea wakati watu wamelala. Tia mita 3 au 4 za mnyororo kati ya nanga na kamba, ili nanga ilale na ncha zake zishike. Na beba nanga ya pili.

Mashine ya nguvu farasi 15 ya mizunguko miwili hula lita 6 hivi kwa saa ikifunguliwa yote. Kipande kirefu cha safari ni Ushongo hadi Saadani, saa 7 kama upepo umekufa kabisa, yaani lita 42. Beba mara mbili yake, lita 85, kisha ongeza mliyotumia mkiwa Pangani mjini, kwa sababu huko mbele usitegemee kituo cha mafuta pwani. Mashine nyingi za aina hii huchanganyiwa oili 1 kwa petroli 50: dumu la lita 20 linataka mililita 400. Soma kijitabu cha mashine yenyewe, usikisie. Oili ikipungua, pistoni hukwama. Ikizidi, plagi hulowa na mashine hugoma kuwaka pale pale unapoihitaji. Chuja mafuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, na yale ya mwisho ya dumu usiyamimine, maji na uchafu vimelala chini yake. Plagi 2 mpya, spana yake, pini za propela na kisu kikali viwe kwenye kopo moja karibu na shetri, nyuma ya chombo, si chini ya mchele.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu 9 kwa siku 4 ni lita 144, basi madumu 8 ya lita 20, yafungwe katikati ya chombo chini kabisa yasije yakahama upande mmoja. Mchele kilo 6, nazi, ndizi mbichi, vitunguu, tangawizi, ndimu, mkate wa siku ya kwanza. Kitoweo mtanunua kwa wavuvi. Jiko la mkaa likae ndani ya sanduku la mbao lenye mchanga wa unene wa vidole vinne, upande usiopigwa na upepo. Anayelewa na bahari ameze dawa nusu saa kabla ya kuondoka. Akishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni.

Simu na karatasi ziwe kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine. Na mwachie mtu wa nchi kavu karatasi yenye jina na rangi ya chombo, majina ya watu wote, mtalala wapi kila usiku, na saa ambayo, asipowasikia, apige 112.

Siku ya kwanza: Tanga hadi Pangani

Ghuba ya Tanga ni mpole. Ina kina, imekingwa, na inakuruhusu kutoka saa yoyote, ndiyo maana tunaanzia hapa. Pakieni mizigo jioni ya jana. Ng'oeni nanga kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, maji yakiwa yanapwa na kuwasukuma nje. Bandarini meli kubwa zinaingia na kutoka: kaeni pembeni ya lango lao, na msivuke mbele ya meli hata ikionekana iko mbali, haiwezi kusimama.

Mkishatoka nje ya miamba, geukeni kusini na mziache Yambe na Karange upande wa bara. Njia ya ndani, kati ya visiwa hivyo na nchi kavu, inaonekana fupi na ina maji matulivu, na kila mwaka inawashawishi watu. Saa 3:20 asubuhi maji yatakuwa yamekupwa kabisa, na huko ndani ni miamba na mafungu. Aprili 1498 meli ya São Rafael, ya msafara wa Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu ya upande huu wa Mtang'ata, karibu na Tongoni, na ikangoja maji yajae ndipo ikaelea. Mafungu bado yapo.

Weka baharia mmoja omo, mbele kabisa ya chombo, asome rangi ya maji. Bluu iliyokoza ni kilindi. Kijani ni pima 2 au 3. Kahawia ni mwamba, na weupe wa maziwa ni mchanga ulio karibu. Rangi hizi husomeka jua likiwa juu au nyuma yako. Jua likikupiga usoni maji yote hung'aa sawasawa, na hapo tumia bildi, kipimo cha kina cha mabaharia, au kamba yenye jiwe na fundo kila mita.

Mtafika nje ya Pangani karibu na saa 6:30 mchana. Msiingie. Tueni tanga maili moja nje, tieni nanga au eleeni, mle chakula cha mchana.

Mto Pangani unamwaga mchanga mdomoni mwake, na mchanga huo umejenga fungu linalohama kila msimu wa mafuriko. Njia ya mwaka jana si ya mwaka huu, kwa hiyo tafuteni mvuvi wa hapo hapo awaongoze. Saa mbili za mwisho kabla ya kujaa, yaani tangu saa 7:20 mchana hadi saa 9:20 alasiri siku hii, ndizo saa za kuingia. Maji yakipwa, mto na bahari vyote vinatoka kwa kasi na kukutana uso kwa uso na mawimbi ya kaskazi yanayoingia. Wimbi lililokuwa refu na la uvivu hufupishwa, husimama wima, huvunjika. Dakika 40 zinatosha kugeuza mlango uliokuwa shwari.

Fanyeni hivi kwa mpango:

1. Tazameni mlango kwa dakika 10 nzima bila kusogea. Mkiona mstari mweupe usiokatika kutoka ukingo hadi ukingo, hakuna mlango, subirini. Mkiona mahali ambapo weupe unakatika na maji yana rangi nzito, hapo ndipo.
2. Kila mtu avae koti na kulifunga, akae chini katikati ya chombo. Mizigo ifungwe, jiko lizimwe.
3. Washeni mashine na kuiacha ipate moto dakika 5. Angalieni maji ya kupozea yanatoka. Tanga litue: upepo ukiwa nyuma na wimbi likikuzungusha, foromali huruka upande wa pili na kumchukua yeyote aliye njiani mwake.
4. Nanga iwe omo, kamba imepangwa, baharia ameishika. Mashine ikizimika ndani ya mlango, nanga ishuke hapo hapo, kabla ya mtu kuanza kuvuta kamba ya mashine.
5. Panda mgongo wa wimbi moja na ukae juu yake. Ukilipita, utateremka mbele yake na omo itachimba maji. Ukichelewa, la nyuma litainua shetri na kukipindua chombo ubavu. Nahodha asizungumzishwe.

Mkiwa ndani ya mto, mji uko ukingo wa kaskazini na Bweni ng'ambo. Tieni nanga nje ya njia ya vyombo vinavyovuka. Kwenye bamvua mkondo wa mto hugeuka kwa nguvu, na chombo kitazunguka nanga yake usiku. Acheni nafasi ya mzunguko mzima. Msiogelee mtoni, kuna mamba. Jioni tembeeni mjini: boma, nyumba za mawe, milango ya nakshi. Upinzani dhidi ya Wajerumani ulianzia hapa 1888, na Abushiri bin Salim alinyongwa hapa hapa Desemba 1889. Muulizeni mwenyeji awaonyeshe mahali.

Siku ya pili: Maziwe na Ushongo

Hapa kuna mvutano ambao lazima uuamue mwenyewe. Maji yamejaa saa 10 alfajiri, bado giza. Kunapopambazuka saa 12 yameshapwa saa mbili, na tumesema mlango haupitwi maji yakipwa. Kinachookoa ni kwamba alfajiri upepo umelala, kina bado kipo, na unayakabili mawimbi kwa omo badala ya kupandwa nayo mgongoni. Basi: saa 12 mlango ukiwa shwari, tokeni mara moja. Mkiona weupe hata kidogo, rudini mkanywe chai, mtatoka saa 8 mchana moja kwa moja kwenda Ushongo, na Maziwe itabaki kwa safari nyingine.

Waliotoka mapema watafika Maziwe karibu na saa 2, mchanga ukiwa unachomoza. Ni eneo tengefu, na kuna ada: lipeni kabla, Pangani, mtembee na risiti. Zamani lilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walikuja kutaga kwa wingi. Miti imeondoka kwa mmomonyoko, na siku hizi maji ya bamvua hulifunika fungu lote, ndiyo maana mayai ya kasa yanayotagwa hapo yamekuwa yakihamishiwa pwani ya Ushongo. Nanga itiwe mchangani au chombo kifungwe kwenye boya, kamwe isitupwe juu ya matumbawe. Hakuna kivuli hata cha mwavuli. Chukueni turubai na miti 4. Vaeni viatu vya kuingilia majini, wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi wako kwenye kila ufa wa mwamba.

Kupwa ni saa 4. Saa 5 upigwe mluzi, watu wahesabiwe kwa majina, muondoke. Maji yanaporudi huzunguka kwanza upande ambao watu hawautazami.

Ushongo mtafika saa 6. Ni pwani pana ya mchanga na minazi, na kulala ni nchi kavu. Chombo kibaki kwenye maji ambayo hayatakauka kwenye kupwa ya usiku, la sivyo kitalala ubavu.

Siku ya tatu: Saadani

Ondokeni saa 12 asubuhi. Siku ndefu, pwani tupu. Kipumbwi, karibu maili 7 mbele, ndipo mahali pa mwisho penye watu wengi na vyombo; kama kuna tatizo la mashine au mgonjwa, liamuliwe hapo. Baada yake ni Mkwaja na pwani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Msishuke popote mnapopapenda: ni hifadhi, na ufukwe wa Madete ni wa kasa wa kijani kutagia. Kaeni maili 2 nje. Mtu wa omo aangalie maboya madogo ya jarife. Wavu ukiingia kwenye propela, zima mashine kwanza, inua, kata kwa kile kisu cha kwenye kopo.

Saadani mtafika karibu na saa 7 mchana, maji yakijaa. Hakuna ghuba hapa, ni pwani wazi, sakafu ya tope inayoshika nanga vizuri lakini chombo kinayumba usiku kucha. Nahodha na baharia mmoja walale chomboni, wengine wote kijijini. Vibali vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, vishughulikiwe mapema, kabla hata ya kutoka Tanga. Mkishuka kwenye maji ya kifundoni buruteni nyayo, msinyanyue miguu: samaki taa amelala mchangani, akihisi mguso wa pembeni huondoka, akikanyagwa huchoma. Nje ya kijiji msitembee bila askari wa hifadhi.

Siku ya nne: Bagamoyo

Pandeni chomboni saa 2 asubuhi, kabla maji hayajakimbia mbali mkalazimika kubeba mizigo kwenye tope. Ondokeni saa 3. Mdomo wa Wami upiteni maili 3 nje. Mtauona kwa rangi, mstari wa kahawia baharini kama chai iliyomwagika, na ndani yake magogo, mafungu, na nyavu za kuvulia kamba. Viboko na mamba wa Wami si hadithi.

Mtakuwa mbele ya Bagamoyo saa 8 mchana. Pwani yake ina mteremko mdogo sana: maji yakikupwa hukimbia mamia ya mita na kuacha mashua zimelala ubavu kwenye mchanga. Subirini nje mpaka saa 10 jioni, muingie taratibu, baharia akipima kwa mti omo. Mkigusa chini saa hiyo, maji yatawainua baada ya dakika chache. Lakini leo ndicho kilele cha bamvua. Anayesubiri hadi saa 11:20 ili afike mchangani kabisa akwepe kulowa miguu, akikwama hapo, ndiye wa zile wiki mbili.

Chombo kikibaki usiku, kitiwe gadi pande zote mbili kabla maji hayajaondoka, nguzo zikanyage mbao na si mchanga mtupu, maana mchanga wa Bagamoyo ukinyweshwa huzama. Jioni soko la samaki lina pweza na ngisi wa kukaanga. Kesho asubuhi Kaole, kilomita 5 kusini, na Ngome Kongwe mjini.

Abiria warudi Tanga kwa gari kupitia Msata na Segera. Chombo kina kazi ngumu zaidi: kurudi ni kubisha dhidi ya kaskazi. Nahodha atasafiri kwa mashine kila siku kati ya alfajiri na saa 4 asubuhi upepo ukiwa mdogo, halafu atajificha, au atasubiri Machi kaskazi ilegee. Kwa vyovyote atatumia siku 5 au 6 na petroli zaidi ya mliyotumia kuja. Siku hizo na mafuta hayo viandikwe kwenye makubaliano Tanga, na fedha zake apewe mkononi Bagamoyo kabla hamjapanda gari. Kabla hajaondoka, mashine isukutwe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kwenye pipa kwa dakika 10. Tope la Pangani na Wami limekaa kwenye njia za kupozea, na likikauka humo itachemka akiwa peke yake mbele ya Saadani.